Ripota aliyekwama Tabora

Katikati ya mwaka 1871, huko Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kulikuwa na furushi la barua lililokosa wa kulipeleka. Juu yake paliandikwa jina la Dk. Livingstone, Ujiji, na tarehe: Novemba 1, 1870. Furushi hilo lilitoka Unguja na msafara ulioandaliwa na ubalozi wa Uingereza, likalala Bagamoyo siku 100 huku wasindikizaji wakila posho, kisha likapanda bara na kukwama tena Unyanyembe, nchi yenye Tabora na Kwihara. Mwenye barua alikuwa mbali, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hakujua kama ameandikiwa, na waliomwandikia hawakujua kama yu hai.

Aliyeliona furushi hilo na kunukuu tarehe yake alikuwa mwanamume mfupi wa miaka 30, mzaliwa wa Wales aliyejitambulisha kwa watu kama Mmarekani. Jina alilotumia ni Henry Morton Stanley. Hakuwa mmisionari wala mwanajeshi, na hakuna serikali iliyomtuma. Alikuwa ripota wa gazeti la New York Herald, na kazi aliyopewa ilikuwa moja: amtafute Livingstone, mmisionari na msafiri maarufu, azungumze naye, alete habari.

Ukimtaja Stanley, watu hukumbuka Ujiji, mwembe na salamu ile maarufu, “Dk. Livingstone, nadhani?” Kalenda inasema jambo jingine. Ujiji penyewe hakumaliza hata mwezi kabla na baada ya safari ya kuzunguka kaskazini ya ziwa. Tabora ndiko alikokaa: kuanzia Juni 23 hadi Septemba 20, 1871, na tena Februari 18 hadi Machi 14, 1872. Huko ndiko alikougua, akaandika, akaingia vitani, akapoteza hesabu ya siku, akapata habari za Livingstone na hatimaye akaagana naye. Habari iliyompa jina duniani ilipikwa Unyanyembe.

Mtoto wa nyumba ya maskini

Alizaliwa Januari 28, 1841, mjini Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa. Akiwa na miaka sita alipelekwa katika nyumba ya kulelea maskini ya St Asaph, akakaa huko mpaka mwaka 1856. Miaka mitatu baadaye alipanda meli kama kijana wa kazi, akashuka New Orleans, Marekani, na huko akachukua jina la mfanyabiashara mmoja ambaye, kwa madai ya Stanley mwenyewe, alimfanya mwanawe. Habari hiyo ya kufanywa mwana waandishi wa maisha yake wameitilia shaka kwa muda mrefu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, aliingia upande wa Kusini. Akatekwa kwenye mapigano ya Shiloh, Aprili 1862, akahamia upande wa Kaskazini, kisha akaacha jeshi. Kalamu ndiyo iliyomwokoa. Mwaka 1867 aliandikia Missouri Democrat la St. Louis habari za kampeni ya Jenerali Hancock dhidi ya wenyeji wa nyanda za magharibi, na huko akajifunza kuishi kambini, kula alichokikuta, na kuandika haraka.

Mwaka uliofuata akaonyesha ujanja uliomfanya James Gordon Bennett mdogo, mwenye New York Herald, amwone kuwa mali. Uingereza ilipeleka jeshi Uhabeshi kumkabili Mfalme Tewodros. Kabla ya kwenda vitani, Stanley alipitia Suez na kumpa chochote mkuu wa ofisi ya simu za maandishi, ili taarifa zake zitangulie za wengine. Ngome ya Magdala ilipoanguka Aprili 1868, taarifa yake ikapita kwanza, halafu waya wa chini ya bahari kati ya Alexandria na Malta ukakatika. Waandishi wenzake na hata makamanda wa jeshi wakabaki na makaratasi mkononi. London yenyewe ikapata habari za ushindi wake kupitia gazeti la New York.

Oktoba 1869, katika hoteli moja ya Paris, Bennett akamwita na kumwagiza amtafute Livingstone, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa hasikiki vizuri. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, fedha haikuwa hoja: achukue pauni 1,000, zikiisha achukue nyingine, na nyingine tena. Lakini Bennett hakutaka haraka. Kwanza alimtaka aripoti kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez, kisha apite Jerusalem, Constantinople, Uajemi na India. Mhariri aliyeijua biashara yake alijua pia kwamba kadiri Livingstone anavyozidi kupotea, ndivyo habari za kuonekana kwake zitakavyouzika.

Merikani, shanga na siri

Stanley alifika Unguja Januari 6, 1871. Kwa balozi wa Marekani, Kapteni Francis Webb, alipata chumba na mkopo. Kwa John Kirk wa ubalozi wa Uingereza alificha lengo lake na kusema kwamba anakwenda kuchunguza mto Rufiji.

Kisha akaingia sokoni. Njia ya kwenda Tabora haikuwa na benki, na sarafu haikufika mbali. Kilichotembea ni kitambaa, yaani merikani na kaniki, pamoja na shanga na waya wa shaba. Kosea rangi ya shanga na kijiji kizima kitakukatalia chakula. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Stanley aligawa mizigo yake katika misafara mitano, jumla ya watu wapatao 192, na mwenyewe akaondoka Bagamoyo na wa mwisho, Machi 21.

Aliyemtegemea zaidi alikuwa Sidi Mubarak Mombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India na kurudi. Mwaka 1857 Mombay alikuwa pamoja na Burton na Speke walipofika Kazeh, kama Tabora ilivyojulikana kwao, kisha akazunguka tena na Speke na Grant. Kwa maneno mengine, ripota alikuwa mgeni. Mtumishi wake ndiye aliyekuwa na kumbukumbu ya njia. Hilo halikumzuia Stanley kumchapa. Vitabu vyake vinakiri bila haya jinsi mjeledi ulivyotumika na jinsi watoro walivyofungwa minyororo.

Wazungu wawili aliowaajiri, William Farquhar na John Shaw, wote mabaharia, hawakurudi kwao. Farquhar aliachwa Mpwapwa akiwa mgonjwa, akafia huko. Shaw alifika Unyanyembe, akaanza safari ya Ujiji, akashindwa na kurudishwa, akafa Kwihara. Stanley aliporejea mwaka 1872, alilijengea kaburi lake rundo la mawe.

Sinia za Tabora

Kwihara ilimpokea vizuri. Alipewa tembe, nyumba pana ya kuta za udongo na paa bapa, yenye baraza mbele ya kukaribishia wageni na vyumba vya kuhifadhia bidhaa nyuma. Waarabu wakubwa wa Tabora walimtembelea na kumletea chakula: masinia ya wali na mchuzi wa kuku wa viungo, mikate ya ngano, makomamanga na ndimu. Nyuma yake wakaletwa ng'ombe watano, kondoo wanane, mbuzi kumi, kuku na mayai. Stanley aliandika kila kitu. Ripota huyu alikuwa na jicho la karani wa ghala.

Baraza hilo ndilo lililokuwa chumba chake cha habari. Tabora ya wakati huo ilikuwa njia panda: barabara moja ya kwenda Ujiji, moja ya Karagwe na Buganda, nyingine ya kusini kuelekea Ufipa. Wanyamwezi wapagazi, waungwana wa pwani na wenye pembe za ndovu wote walipita hapo, na kila aliyepita aliacha neno. Mzungu mzee ameonekana Manyema, ng'ambo ya ziwa. Hapana, amekufa. Hapana, yuko njiani kurudi. Stanley alilazimika kuchambua tetesi hizo kwa lugha aliyokuwa bado anajifunza, akisaidiwa na Selim, kijana Mkristo kutoka Jerusalem.

Barua yake ya kwanza kwa gazeti kutoka Kwihara aliiandika mapema Julai 1871. New York Herald iliichapa Desemba. Miezi mitano, kutoka Unyanyembe hadi mtaani New York, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye nyayo za watu waliotembea zaidi ya kilomita 800 kufika pwani.

Ripota anashika bunduki

Mwaka huo barabara ya Ujiji ilifungwa. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa amepata nguvu magharibi ya Tabora na hakukubali tena kwamba Waarabu wapitishe pembe na bidhaa katika nchi yake kwa masharti yao. Wakubwa wa Tabora wakaamua kumpiga. Stanley, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika, akaamua kwenda nao na askari wake. Alitarajia ushindi wa siku chache na njia nyeupe hadi ziwani.

Mwanzoni mwa Agosti jeshi la watu zaidi ya 2,000 likateka ngome ya Zimbizo. Saud, kijana wa mfanyabiashara Said bin Majid, akaendelea na watu 500 hadi Wilyankuru, akateka pembe na mateka. Wakiwa njiani kurudi, wamelemewa na mizigo, Mirambo aliyejificha majanini akawavamia. Saud aliuawa, pamoja na baadhi ya watu wa Stanley. Waliobaki wakakimbia ovyo. Stanley, homa imemshika, akajikuta ameachwa karibu peke yake na kulazimika kurudi nyuma.

Agosti 22 Mirambo akaja mwenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa watu mashuhuri wa mji, alitoka kumkabili akauawa, na sehemu ya Tabora ikateketezwa. Kutoka Kwihara moshi ulionekana. Stanley alitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe, akajaza maji na chakula, akapandisha bendera ya Marekani juu ya paa na kungoja. Mirambo hakuigusa Kwihara.

Taarifa alizoandika juu ya vita hivyo zina ufundi, na zina upande. Mirambo anatokea humo kama jambazi na mnyang'anyi. Baadaye Stanley alimlinganisha na Napoleon, sifa iliyomfuata Mirambo hadi kaburini, lakini mwaka 1871 aliyeandika alikuwa mtu aliyefyatua risasi kwa ajili ya upande mmoja wa ugomvi. Msomaji wa New York hakuambiwa Mirambo mwenyewe alikuwa na malalamiko gani, kwa kuwa ripota hakuwa amemuuliza.

Wakati wa kusubiri, mfanyabiashara mmoja alimzawadia mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley, aliyeandika kwa ukali kuhusu biashara ya utumwa, alimpokea na kumbadilisha jina kuwa Kalulu. Mtoto huyo alifika London, akasomeshwa shule ya Wandsworth, akahudhuria mazishi ya Livingstone, na mwaka 1877 akafa maji katika maporomoko ya mto Kongo. Stanley alimwandikia kitabu cha hadithi, na maporomoko yenyewe akayaita kwa jina lake.

Habari yenyewe

Septemba 20 Stanley aliondoka Kwihara kwa njia ya kusini, akaikwepa nchi ya Mirambo kwa mzunguko mrefu. Homa za Kwihara zilikuwa zimemvurugia hesabu ya siku, ndiyo maana tarehe ya kukutana kwake na Livingstone Ujiji inabishaniwa mpaka leo. Mwenyewe aliandika Novemba 10, 1871. Watafiti wengine huirudisha nyuma wiki moja au mbili. Salamu yenyewe nayo ina mashaka. Kurasa za shajara yake zinazohusu dakika hizo zimechanwa, na Livingstone hakuitaja katika barua zake.

Kilichokuwa na uzito mkubwa zaidi ya salamu ni alichokuwa nacho Livingstone mfukoni. Julai 15, 1871, kwenye soko la Nyangwe, Manyema, alishuhudia wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi wanawake na watu wengine waliokuja kuuza vyakula. Mamia walikufa, wengi wao mtoni. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la London, The Standard la Novemba 24, 1869, akikatiza mistari iliyochapwa kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea. Wino huo ulififia kiasi kwamba maandishi hayo yalisomeka vizuri mwaka 2011 tu, kwa msaada wa kamera maalumu.

Stanley alibeba barua na shajara za mzee huyo. Walirudi pamoja Kwihara Februari 1872, na mwezi mmoja baadaye wakaagana. Livingstone alibaki kwenye tembe akisubiri watu wa kumchukua. Wapagazi 57 walioajiriwa na Stanley pwani walifika, na Agosti 25 akaondoka kuelekea kusini. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walipoubeba mwili wake kwenda pwani, walipitia tena Kwihara.

Stanley naye alifika Bagamoyo Mei 6, 1872. Unguja haikuwa na waya wa simu bado. Ulifika mwaka 1879. Habari ikaenda kwa meli, kisha kwa waya, na Julai 2 New York Herald ikaichapa. Mwandishi mwenyewe alikuwa nyuma ya habari yake: meli ilimshusha Shelisheli, akaikosa meli ya barua, akakaa huko karibu mwezi mzima.

Hawakumwamini

Alipofika London Agosti, heshima ilikuja na dharau. Wakubwa wa Chama cha Kifalme cha Jiografia walikuwa wametuma msafara wao, uliovunjika Unguja mara Stanley alipotokea na habari zake. Rais wao, Sir Henry Rawlinson, alikuwa amesema hadharani kwamba Livingstone ndiye aliyemwokoa Stanley, si Stanley aliyemwokoa Livingstone. Magazeti pinzani yalidai barua ni za kughushi. Familia ya Livingstone ilithibitisha mwandiko, Malkia Victoria akampa kisanduku cha dhahabu, na chama kile kile kikamtunuku nishani yake.

Hasira za Waingereza zilikuwa na sababu yake: habari kubwa ya Mwingereza wao imenunuliwa kwa dola za gazeti la Marekani. Walipojua yeye ni mtoto wa nyumba ya maskini ya Wales, aibu ikaongezeka.

Hata hivyo barua zile zilifanya kazi. Maelezo ya Livingstone kuhusu Nyangwe yalichapwa na kusomwa kwa hasira, na serikali ya Uingereza ikamtuma Sir Bartle Frere Unguja. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Makaratasi yaliyopita Kwihara kwenye mizigo ya wapagazi yalikuwa miongoni mwa yaliyofika kwenye meza ya mkataba huo.

Stanley hakurudi dawatini. Mwaka 1874 New York Herald na Daily Telegraph la London, lililohaririwa na Edwin Arnold, yaligharimia pamoja safari yake ya pili. Ilimchukua hadi Buganda kwa Kabaka Mutesa, ambako barua ya Stanley ya kuomba wamisionari, iliyochapwa katika Daily Telegraph mwaka 1875, ndiyo iliyowavuta wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS waliofika mwaka 1877. Kisha akateremka mto Kongo hadi Atlantiki. Hapo kazi ya uandishi ikayeyuka. Akawa wakala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika Kongo, halafu mkuu wa msafara wa kumtafuta gavana Emin Pasha, na mwisho mbunge wa Lambeth North. Mwaka 1899 akapewa cheo cha Sir.

Waliomwandika yeye

Aprili 1876, katika safari hiyo ya pili, alikutana na Mirambo uso kwa uso na wakachanjiana udugu wa damu. Akaandika kwa mshangao: mbele yake alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na adabu, kinyume kabisa cha jambazi ambaye Stanley aliwasimulia wasomaji wake miaka mitano nyuma. Ni mojawapo ya mara chache Stanley anapolisahihisha gazeti lake mwenyewe.

Wengine walilisahihisha kwa niaba yake. Shajara na barua zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na wanaozisoma wamekuta kwamba vitabu vilitia chumvi pale ambapo daftari la njiani lilikuwa limeandika kwa ufupi. Mirambo alifariki Desemba 1884 bila kuacha kitabu. Mombay alipewa nishani na pensheni ya chama kile cha jiografia cha London, akafariki 1885. Tabora nayo baadaye ilipata mtambo wake wa kuchapa, wa wamisionari wa Kipalapala, ambako gazeti la Kiongozi lilichapwa kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1950.

Kabla ya hapo lakini, mtu mmoja wa barabara ile ya misafara alikuwa amekwisha kujibu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Anamtaja Stanley kama mtu aliyemwomba amsindikize msituni mwaka 1876, akamwahidi malipo makubwa na zawadi, kisha akamletea picha yake. Simulizi hiyo ilichapwa Berlin mwaka 1902 na 1903, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani, Stanley akiwa bado hai Uingereza.